Unyevu Chumbani kwa Khadijo

Benchi letu pale Galbet, mtaa wa Garissa, ni ubao mmoja juu ya matofali manne, mbele ya kibanda cha Roda anayeuza kahawa ya tangawizi. Kiswahili wenzangu Wasomali wanakizungumza kwa ajili yangu na Roda, tuliokuja kutoka Kitui, na hakuna jambo linalokosa jibu hapo. Wakati ule jambo lilikuwa hili: mvua haijanyesha Garissa kwa miezi, sasa ukuta wa mzee Rage unalowa vipi? Nyumba yake ni ya zamani, ya matofali ya udongo, na chumba kinacholowa kilikuwa cha mkewe Khadijo, Mungu amrehemu, aliyefariki mwaka jana.

Rage hakuwa na shida na ukuta. Alichotaka kuokoa ni harufu. Kila magharibi Khadijo alikuwa akifukiza uunsi, ule ubani aliouchemsha mwenyewe kwa sukari na marashi, na miaka thelathini ya moshi ule ilikuwa imekaa ukutani. Rage alizoea kuingia jioni, akafunga mlango, akakaa tu.

— Zamani nikifungua mlango, yeye iko, alituambia. Sasa nafungua, ni kuvu tu.

Wa kwanza kutibu alikuwa Yarow, fundi tunayemwita Simiti. Alisema usipoziba ufa utajenga ukuta, methali anayoitoa hata mtu akipoteza mbuzi, kisha akapiga plasta ya simenti mle ndani. Unyevu ukatoka magotini ukapanda kiunoni. Akapiga plasta ya pili. Ukafika mabegani.

— Simiti yako ndio inapandisha, Guleid akamwambia. Maji inataka kupumua, wewe unaziba yeye pua.

Guleid aliwahi kuwa karani wa mambo ya maji, tukampa cheo cha Injinia. Hapo alisema kweli, lakini Injinia haishii penye ukweli.

— Hii ni Tana, akaendelea. Mto imechoka kuzunguka, sasa inapita chini ya mji. Maji hufuata mkondo.

— Mkondo ya chumba moja? Simiti akauliza.

— Hiyo moja ndio iko kwa mkondo.

Simiti naye hakukubali kushindwa. Jirani wa Rage ameweka mashine ya baridi, akasema, na joto la Garissa limeifukuza ile baridi mpaka ikakimbilia ukutani kwa Rage, ikaanza kulia. Mimi nami, nisibaki nyuma, nikasema visima vilivyochimbwa wakati wa ukame vimeyatisha maji, yakatafuta nyumba yenye kivuli yajifiche. Wakanikubalia kwa kichwa. Rage alimsikiliza kila mmoja wetu kama mgonjwa mbele ya daktari, na nikikumbuka hilo naona aibu.

Ndipo akafika Weris, anayeleta maziwa ya ngamia kutoka Balambala. Alitua madumu yake, akapokea kikombe, akatusikiliza mpaka alipokimaliza.

— Adeer, akamuuliza Rage kwa adabu ya mtu na baba yake mdogo, huko nje, nyuma ya hiyo ukuta, kuna nini?

Miezi minne tumetibu ukuta tukiwa ndani, na hakuna aliyewahi kuzunguka nyumba.

— Kuna mhina, Rage akasema. Khadijo alipanda.

Akaeleza polepole. Tangu alipomzika mkewe, anatawadha pale pale, amechuchumaa na birika la marehemu, ili maji ya udhu yaangukie shina la mhina. Mara tano kwa siku, na ya sita akiamka kuswali usiku. Hakutaka mti wa Khadijo ufe mikononi mwake.

Weris akasema kwa upole kwamba mhina ni mti wa ukame, maji mengi ni ya bure kwake. Mzee atawadhe mbali na nyumba, simenti ibanduliwe, ukuta utakauka taratibu. Mti upewe maji kidogo tu, kama ulivyozoea.

— Kwani marehemu mwenyewe alikuwa anapatia maji mara ngapi? Weris akauliza.

Rage akainua kichwa. Nilimwona akitafuta. Alijua viganja vya mkewe vilivyokuwa vyekundu kila Idd, alijua sauti ya kijiko akikoroga uunsi, lakini maji ya mhina hakuwahi kuyatazama.

— Sijui, akasema. Miaka yote hiyo, sijui.

Akatugeukia sisi, watu wa majibu. Injinia aliangalia kikombe chake, mimi nikaangalia barabara. Roda alipindua chupa ya kahawa, yakatoka makapi.

Ilipoadhiniwa adhuhuri, Rage alimwomba Roda maji. Akatawadha hapo hapo kando ya benchi letu, uso umeelekea nyumbani kwake.