Sévère Nduwimana na Nyimbo Zake za Dakika Tatu

Wapendwa, minye ni Florentine, mdogo wa marehemu. Yaya wetu, kaka yetu mkubwa, hakupenda maneno marefu, kwa hiyo nitajikaza kufupisha.

Sévère Nduwimana alizaliwa Bwegera tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa kwanza wa Térence na Marie-Rose, wakulima wa mpunga. Alisoma shule ya msingi palepale, kisha sekondari hapa Uvira, akapata Diplome d'Etat, cheti cha kumaliza sekondari, mwaka 1988, mara ya pili. Mara ya kwanza alianguka kwa sababu ya gitaa. Baba alijua, akamwachia gitaa.

Tangu 1989 alikuwa fundi wa kutengeneza radio mtaani Rugenge. Siku moja aliletewa radio iliyomeza kanda. Alipomaliza kuitengeneza akaijaribu kwa kanda ileile, na mwenye radio akamkuta fundi anarukaruka. Ulikuwa muziki ambao wenyewe wanauita power pop: gitaa mbili zinalia wazi, ngoma inapigwa kwa nguvu, sauti tatu zinapanda pamoja, na kiitikio ambacho ukikisikia mara moja unakwenda nacho sokoni. Maneno ni ya mtu aliyeachwa na mpenzi, lakini analia huku anacheza. Dakika tatu, umekwisha. Sisi tuliozoea nyimbo za robo saa tulimwambia, "Yaya, hiki ni kipande tu." Alitujibu, "Ni vizuri mubakie na hamu."

Akaunda kikundi, akatunga nyimbo zake kwa Kiswahili. Mwaka 1993 walialikwa kupiga kwenye harusi moja mtaani Songo. Nyote munajua maharusi wetu wanavyoingia ukumbini, hatua moja mbele, nusu nyuma. Wimbo ukaisha bibi harusi angali mlangoni. Msichana mmoja wa msafara akamfuata Yaya kwa hasira: "Weye, umetuacha huku njiani." Akamwambia, "Basi songeni, nitaanza tena." Aliuanza mara tano, na mara ya tano ukumbi mzima uliimba. Msichana huyo ni Claudette. Walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1995.

Sukari ilimshika mwaka 2019, ikashuka mpaka kwenye figo. Aliaga dunia Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, mkono wake ndani ya mkono wa Claudette. Alikuwa amemwomba jambo moja tu: atolewe kanisani kwa wimbo ule wa Songo. Claudette aliahidi.

Sitaficha, tuligombana. Baba mukubwa Dieudonné alikataa: "Msiba si harusi. Na toka kanisani mpaka makaburini ni mwendo. Wimbo huo utatuacha barabarani." Claudette hakula siku mbili. Jana jioni binti yao Chance alichukua gitaa, akampigia mzee wimbo ule bila kuuliza. Ulipoisha, mzee akasema, "Minye ndiyo kwanza nilikuwa naanza kuusikia. Rudia." Ulirudiwa mara tatu, na jana usiku Claudette alikula ugali.

Yaya ameacha mjane wake Claudette, watoto wawili, Chance na Pitchou, wajukuu watatu, mama yetu Marie-Rose, minye mdogo wake, na gitaa lenye nyuzi tano.

Wimbo utaisha kabla hatujafika barabara kubwa. Musishangae, na musisimame. Tutaanza tena, na tena, mpaka tumfikishe. Apumzike kwa amani, Yaya wetu aliyetuachia hamu.

Chance mwanangu, piga.