Wilkister Achieng, Muuguzi wa Miguu wa Darsait

Wazee wetu, majirani, wauguzi wenzake na nyote mliofika hapa kanisani Ghala, Maskati, kumuaga kabla hatujamsafirisha nyumbani, familia imenipa mimi Sammy, mdogo wake, kazi ya kuyasoma maisha yake, na angekuwa hai angeninyang'anya karatasi hii akasoma mwenyewe.

Marehemu Wilkister Achieng alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 huko Ahero, Kisumu, kifungua mimba wa mzee Barnaba Okoth na mama Peres, akasoma shule ya msingi pale pale Ahero hadi 1988, sekondari mjini Kisumu hadi 1992, kisha chuo cha uuguzi Nairobi alikohitimu Novemba 1996, na kila akija likizo alituvua viatu mlangoni akatukagua katikati ya vidole, nasi tukawa tunamkimbia.

Tarehe 7 Agosti 1999 alifunga ndoa na Philip Odhiambo, Mungu akawajalia binti mmoja, Maureen, aliyezaliwa tarehe 22 Mei 2001.

Aliwasili Maskati tarehe 11 Agosti 2009, akaajiriwa katika kliniki ya miguu Darsait, ambako wengi wa wagonjwa ni watu wa sukari, akawa anapiga magoti mbele ya kila mmoja, anatafuta mapigo ya damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo, anagusa wayo kwa uzi wa nailoni huku mgonjwa amefumba macho, kisha anabonyeza kidole na kuhesabu hadi rangi irudi. Ah, siku zile! Nyumba yake na Philip ilikuwa ya vyumba viwili juu ya duka la fundi cherehani, na Ijumaa baada ya ibada sisi Wakenya tunaofanya kazi huku tulijazana humo watu kumi na wanne, omena, dagaa wa ziwa letu, imekuja kwenye mzigo wa mtu, na kabla hujamega ugali Wilkister ameshakuuliza kwa nini kisigino chako kimepasuka. Tulimlalamikia sana, na leo natamani aniulize.

Jumatano tarehe 15 Septemba 2010, wiki ya Idi, alimpima Bi Muhsina wa Ansab, mama wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, ambaye miguu yake ilikuwa imepakwa hina nzito kutoka nyayoni hadi vifundoni, na marehemu, mgeni bado wa mambo ya huku, akabonyeza vidole asione rangi ikienda wala ikirudi, akaona haya kuuliza, akaandika kwamba miguu ni salama. Tarehe 26 mwezi huo huo Bi Muhsina alikatwa vidole viwili.

Dada yetu aliandika barua ya kuacha kazi, akafunga sanduku, akaenda Ansab kuomba radhi kabla ya kupanda ndege, na Bi Muhsina akamjibu kwamba amebakiwa na vidole vinane, na muuguzi wake akikimbia, hivyo vinane atavitazama nani. Basi akabaki, akawafundisha wauguzi kwamba penye hina jicho lisiaminiwe, wapime joto kwa mgongo wa mkono, wasikilize damu kwa mashine, na wasichokiona waandike kwamba hawajakiona, lakini yeye mwenyewe hakujisamehe, na kwa miaka kumi na mitano alikwenda Ansab kila mwezi, akapima, akanywa chai tu, chakula akakataa.

Tarehe 3 Juni 2025 alijipima mwenyewe, akakuta shavu la mguu wa kushoto limezidi la kulia kwa sentimita tatu, akamwambia daktari kwamba hiyo ni damu iliyoganda, na ndivyo ilivyokuwa, na walipotafuta chanzo wakaikuta saratani ya kongosho.

Ijumaa tarehe 31 Oktoba Bi Muhsina aliletwa na mjukuu wake Afra hospitali alikolazwa dada, akataka tusikie sote, akasema mficha maradhi kifo humuumbua, kwamba mwaka ule kidole alikuwa ameshakiona kimegeuka cheusi, lakini harusi ya Afra ilikuwa keshokutwa, akaogopa kulazwa, akaagiza hina ipakwe nzito makusudi ili muuguzi asione, kisha akaona haya kusema, na kila mwezi haya ikazidi. Dada alimtazama, akacheka hadi muuguzi Shatha akaja mbio, kisha akalia sana, kisha akaomba chochote kilichopikwa Ansab, na Afra akafungua bakuli la wali wa nazi, naye akala vijiko vitatu mkononi mwa Bi Muhsina. Alifariki Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, Philip na Maureen wakiwa kando yake, na haya tumeyasoma mbele yenu kwa sababu Bi Muhsina, aliyekaa pale mbele, ametuagiza tuyasome.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Shatha aliyemchana nywele kila asubuhi, wenzake wa kliniki, majirani wa Darsait mliompikia Philip bila kuombwa, na jamaa wote wa Ansab.

Dada, kosa ulilolibeba miaka yote hiyo halikuwa lako peke yako, na umeondoka ukijua, kwa hiyo pumzika, Wilkister, pumzika kwa amani.