"Ego" Mbili za Katekista Bazilio Mpawenimana

Waheshimiwa mapadre na wachungaji, ndugu, majirani, na nyote mlioketi pande mbili za turubai hili, mimi Prudence, binti wa pili wa marehemu, nasoma kwa niaba ya familia, nikiomba mnisikilize kabla jeneza halijafungwa, kwa kuwa tangu asubuhi mnabishana ni kanisa lipi litamzika baba yetu.

Marehemu Bazilio Mpawenimana alizaliwa Ruyigi, Burundi, inasemekana mwaka 1954, ingawa cheti chake kinataja ubatizo wa Pasaka ya mwaka huo bila kueleza alikuwa na umri gani, akasoma kwa mapadre hadi darasa la sita, na mwaka 1972 akavuka mpaka na wazazi wake hadi Kitahana, Kibondo, ambako alilima maharage, akajifunza Kiswahili kwenye mafundisho ya dini, na baadaye akapata uraia.

Mwaka 1978 alihamia hapa Kitanga, na tarehe 14 Julai 1979 akafunga ndoa na mama yetu Kezia, binti wa mwinjilisti wa Kipentekoste, kwa kibali cha paroko na bila furaha ya upande wowote, wakajaliwa watoto wanne, na tangu 1981 hadi alipougua alikuwa katekista wa kigango chetu.

Mjomba wetu, Mchungaji Floribert, alibishana naye kila sikukuu, akitaka kujua Papa ana mamlaka gani juu ya Neno lililokwisha kuandikwa, na baba akimjibu kwa swali, "Shemeji, hivyo vitabu vyako sitini na sita, nani alikuhesabia?", naye mjomba akiuliza kama aliyemwongezea baba vingine saba alikuwa muuza karatasi, kisha wakala ugali pamoja, wala sikuwahi kusikia mmoja akikiri kushindwa.

Dada yetu Divine alipofariki mwaka 1996, ubishi huo uliingia ndani, kwa sababu baba alitaka kumwombea kwa kusoma ukurasa wa kuwaombea wafu katika Wamakabayo, kitabu ambacho Biblia ya mama haina, na mama anaamini kwamba aliyekufa haombewi, hivyo kila Jumamosi jioni baba alipofika kwenye ukurasa huo alingoja kwanza, mama akatoka kwenda kutazama moto jikoni, hata kama moto haukuwashwa, akarudi baada ya "Amina".

Tarehe 6 Januari 2024 alipatwa na kiharusi, akatibiwa hospitalini, akarudi nyumbani akiwa amebakiwa na neno moja la Kiha na Kirundi, "ego", yaani ndiyo. Padre Kipriani, aliyempaka mafuta matakatifu, anasema alimuuliza kama anashika imani ya Kanisa, akajibu "ego". Mchungaji Floribert anasema siku chache baadaye alimuuliza kama anaacha mapokeo ya wanadamu na kushika Neno pekee, akajibu "ego". Nawaamini wote wawili, na ndiyo maana siwezi kuutegemea ushahidi wa yeyote, kwani kwa adabu ya kwetu mgonjwa hamkatalii mgeni, na baba alijibu "ego" hata alipoulizwa kama amelala.

Linalobaki ni nililoliona mwenyewe. Jumamosi ya tarehe 16 Machi, nikiwa mlangoni, mama alimsomea Biblia yake, akaifunga, lakini baba aliendelea kuutazama mlango wa jikoni, akisubiri atoke. Mama hakutoka. Alichukua Biblia ya baba, akasoma ukurasa ule hadi mwisho, na baba hakusema "ego", alifumba macho tu.

Alifariki alfajiri ya tarehe 19 Machi.

Jana wazee wa kanisa la mama walimwonya kwamba akishiriki kumwombea marehemu atazuiwa Meza ya Bwana, naye akawajibu, "Sikiamini kitabu hicho. Yeye alikisubiri." Kwa hiyo mjane ameamua kwamba Padre Kipriani atazika, na somo la Wamakabayo atalisoma yeye mwenyewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochota maji na kupika, wanakigango wenzake, na mjomba Floribert, ambaye hakubaliani nasi na bado amechimba kaburi.

Baba, kama sala hii inakufikia, sina uwezo wa kuthibitisha wala kukanusha. Upumzike kwa amani hata kabla sisi hatujapatana.

Mama, ukurasa uko wazi.