Herufi za Tharcisse Mulumba

Wasikilizaji wapendwa, Jumatano tumempoteza mchoraji wa vibao, tata Tharcisse Mulumba wa Musonoi. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Ugonjwa wa mapafu ndio uliomwondoa.

Wengi mnazijua herufi zake hata kama hamkujua jina lake. Mistari yake myembamba, umbo pana, zimeinama kuelekea kulia, bila vijiguu mwishoni. Alizibuni mwaka 1954. O yake aliipata kwa kubana kidogo kopo la maziwa, akalizungushia penseli. Kibao cha kwanza kilikuwa cha duka la nguo la mama Adolphine. Zikafuata kadi za harusi, milango ya magari, saluni mbili. Kolwezi nzima ilizipenda.

Mwaka 1957 mkuu wa karakana ya mgodi, alikokuwa ameajiriwa, alimwagiza kibao cha njia ya mgodini, mahali baruti inapopigwa. "Tumia herufi za duka la nguo," alimwambia. Tata Mulumba akaandika: HATARI, BARUTI, USIPITE. Akakisimamisha, akarudi nyuma hatua thelathini. Vumbi lilikuwa jepesi tu siku hiyo, lakini maneno yalikuwa yamepotea. Hatua thelathini, wasikilizaji, na hayasomeki.

Jioni alimweleza mkewe, mama Ntumba.

"Maandishi haionekane kwa mbali."

"Basi kesho umwambie chef wa karakana."

"Chef anazipenda." Mama Ntumba anakumbuka kwamba mumewe aliongeza: "Na mi pia nazipenda."

Hakusema. Siku ya tisa tangu kibao kisimamishwe, Louis Kabeya, mfanyakazi wa reli, alikata njia kupitia pale. Baruti ikalipuka. Jiwe lilimvunja mguu wa kushoto, na hospitali ikaukata. Wakubwa walipouliza juu ya kibao, tata Mulumba alijibu kwamba kiko sawa. Ikaandikwa kwamba Kabeya alikuwa mzembe.

Tata Mulumba alikaa na jibu hilo mwaka mzima. Mama Ntumba anasema alikuwa akiacha chakula nusu, anatazama mikono yake. Mwishowe alikwenda kwa Kabeya, akamwambia yote.

Kabeya alimsikiliza hadi mwisho. "Mubao niliuona," alisema. "Niliwaza ni ya duka ya mama Adolphine."

Kesho yake tata Mulumba alikwenda kwa wakubwa, akakana maneno yake ya kwanza. Alifukuzwa kazi. Kabla ya kuondoka aliomba ruhusa ya jambo moja, akapewa: alikifuta kile kibao, akakiandika upya kwa herufi nene, zilizosimama wima. Zile nyembamba hakuzichora tena, hata kwa harusi ya binti yake.

Jana nilimtembelea tata Kabeya. Nilimuuliza kama amemsamehe.

"Usiseme ku radio kama nimemusamehe," alijibu. "Bado. Lakini kesho nitakuya kumuzika."

Mama Ntumba, na ninyi watoto wanne, poleni sana. Tata Kabeya, pole nawe. Mungu amlaze marehemu pahali pema.

Na wewe unayenisikiliza, labda kuna kazi ya mikono yako uliyoiona ina kasoro, ukanyamaza kwa kuwa ni nzuri na wakubwa wameisifu. Mwenye kupita pale na kuumia hajafika bado. Nenda ukaseme leo.