Josia Mushumbusi na Ukurasa wa Mkanda wa Tatu

Leo, tarehe 31 Machi 1960, Mzee Josia Mushumbusi anarudisha bisibisi zake stoo baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha kukoboa kahawa hapa Bukoba kwa miaka ishirini na mitano. Mimi, Philbert Kagaruki, msaidizi wake tangu mwaka 1947, nimeombwa na wafanyakazi wenzangu niandike habari zake zisomwe katika sherehe hii. Meneja wetu mpya alizisoma jana asubuhi. Akasema zisomwe kama zilivyo.

Mzee Mushumbusi alizaliwa Ngenge, katika familia ya wakulima Walutheri. Alikuja hapa mwaka 1935 kubeba magunia. Umeme ulipoletwa kiwandani miaka mitatu baadaye, fundi mmoja wa Kihindi kutoka Mwanza, Bwana Jivan, alihitaji mtu wa kumshikia ngazi, tena anayejua kusoma. Mushumbusi akashika ngazi. Bwana Jivan alipoondoka baada ya miezi minane, aliyebaki juu ya ngazi alikuwa Mushumbusi.

Wageni waliopo leo wajue kwamba kahawa yetu husafiri juu ya mikanda mitano mirefu, kutoka ghalani hadi kwenye mashine za kukoboa, na kutoka huko hadi chumba cha akina mama wanaochambua punje mbovu. Kila mkanda una mota yake. Mota moja ikigoma, kiwanda kizima kinakaa kimya.

Mzee hakuwahi kufungua mota kabla ya kuihoji. Aliigusa kwa kiganja aone joto lake, akanusa, akaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni, akasikiliza. Kisha alifuata umeme kutoka ulikoanzia: fyuzi, swichi, nyaya, na mota mwisho kabisa. Sisi vijana tulikuwa tunaanza na mota, ndiyo maana tulimaliza jioni kile alichokimaliza kabla ya chai.

Mwaka 1949 mota ya mkanda wa kwanza ilinguruma bila kuzunguka. Mhandisi Mzungu aliifungua yote, akaitandaza sakafuni kwa siku mbili, akaifunga tena. Ikanguruma vilevile. Mzee aliomba ruhusa, akaenda kwenye swichi ukutani, akatoa humo kiota cha udongo cha nyigu. Udongo ule ulikuwa umezuia waya mmoja kati ya tatu usipate umeme. Mhandisi alicheka mpaka akakaa chini. Kiota kile kilikaa dirishani pa ofisi mwaka mzima.

Ningependa niendelee hivi hadi mwisho, kwa kuwa vya kuchekesha vipo vingi. Lakini habari zake haziwezi kuandikwa kwa ukweli bila Septemba 1953, na habari za Septemba 1953 ninazo mimi.

Mvua zilikuwa zimeingia mapema. Mota ya mkanda wa tatu, ule wa chumba cha wachambuzi, ilikuwa inakata kila baada ya saa moja. Mzee aliipima, akakuta koili, yaani nyaya zilizoviringwa ndani yake, zimelowa na umeme unavuja hadi kwenye chuma cha nje. Akakuta pia waya wa ardhini, ambao kazi yake ni kuupeleka umeme kama huo chini ya udongo usimdhuru mtu, umekatika. Akatoa fyuzi zote tatu, akaandika katika kitabu cha hitilafu: “Mkanda wa tatu usiwashwe. Unaweza kuua.” Akatia sahihi. Alasiri ile aliletewa habari kwamba baba yake amefariki, akaondoka kwenda Ngenge kuzika.

Kesho yake meli ilikuwa bandarini ikisubiri kahawa. Msimamizi wa zamu, ambaye sasa yuko kwao Uingereza, aliniambia niuwashe mkanda. Nikamwambia una hitilafu. Akaniuliza, “Wewe ni fundi au si fundi?” Nilikuwa nimeusoma ukurasa ule asubuhi hiyo. Nikarudisha fyuzi.

Saa tisa mchana Kemilembe, binti wa miaka ishirini na miwili kutoka Rubya, alisimama kwenye sakafu iliyotoka kuoshwa, akashika fremu ya mkanda ili ainame kuokota ungo wake. Alifia pale pale. Wenzake walidhani ameteleza.

Kabla maafisa hawajafika kuuliza, niliung'oa ukurasa.

Mzee aliporudi kutoka msibani alikuta maswali yanamngoja. Alisema aliandika. Kitabu kilifunguliwa mbele yake, na ukurasa haukuwepo. Aliniangalia mara moja tu. Alivuliwa ufundi; kwa miaka miwili na nusu alizoa makapi ya kahawa uani, na mimi nilikaa kwenye kiti chake. Walimrudisha mwaka 1956 kwa sababu mota zilikuwa zinaungua mikononi mwangu. Alirudi, akanisalimu, akaniuliza swichi ya mkanda wa pili inasumbua nini.

Kila mwezi wa Septemba alikwenda Rubya kwa mama wa marehemu, Mama Clotilda, akiwa na mkungu wa ndizi begani. Kila mwaka mama yule alimwacha uani, akaingia ndani, akafunga mlango. Kemilembe alikuwa mtoto wake pekee.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda nyumbani kwa Mzee, mtaa wa Bakoba. Mkewe Kokwijuka alituwekea kahawa za kutafuna, akatuacha. Nikamwambia yote. Hakushtuka.

“Nilihisi,” alisema. “Kitabu hakijing'oi ukurasa chenyewe.”

“Kwa nini hukusema, Mzee?”

“Ningesema nini? Sikukuona.” Akatafuna kwa muda mrefu. “Tena mimi ndiye niliyeacha fyuzi zile mezani. Ningeondoka nazo mfukoni, ungerudisha nini? Nalifikiria hilo kila siku.”

Nilitaka kumpigia magoti. Akanizuia kwa mkono. “Usinililie mimi, Philbert. Nenda Rubya. Yule mama anamchukia mtu asiyestahili.”

Nilikwenda Jumamosi. Mama Clotilda alikuwa anamenya ndizi. Nilisimama, kwa sababu hakunikaribisha kukaa, nikasema nilichofanya kwa fyuzi na nilichofanya kwa ukurasa. Hakuacha kumenya. Alimaliza ndizi zote, akaosha mikono, ndipo akaniangalia.

“Mwanangu alikukosea nini?” aliuliza.

Kisha akasema, taratibu, kama anayesema peke yake: “Miaka sita nimekataa salamu ya mtu yule. Sasa nitaanzia wapi kumwamkia?”

Nimemwandikia meneja barua. Nafasi ya fundi mkuu niliyopewa kuanzia kesho nimeirudisha, na maelezo yangu yatapelekwa kwa wanaohusika na sheria. Litakaloamuliwa nitalipokea. Jovita wa ofisini ameandika kwa taipu nakala moja ya habari hizi, nami nimeibandika ndani ya kitabu cha hitilafu cha mwaka 1953.

Mzee Mushumbusi, wafanyakazi wote wanakushukuru kwa miaka yote ambayo mikanda ilizunguka kwa sababu yako. Akina mama wachambuzi wameniomba nitaje kwamba tangu uliporudi hawajaogopa kushika chuma. Mimi sina haki ya kukushukuru kwa niaba yangu, kwa hiyo nakuomba msamaha mbele ya watu, kama ulivyoshtakiwa mbele ya watu. Nenda ukapumzike kwenye migomba yako pamoja na Kokwijuka, upate usingizi na afya, na Mungu akuongezee miaka badala ya ile tuliyokupunguzia.

Mama Clotilda alipelekewa mwaliko. Aliupokea, hakusema kama atakuja. Tumemwekea kiti karibu na chako. Akija, tafadhali msimame nyote, na mmwachie Mzee amwamkie kwanza.