Mwalimu Jerioth Kagendo (1953–2024) na Jicho Alilolificha

Marehemu Mwalimu Jerioth Kagendo alizaliwa tarehe 14 Aprili 1953 huko Nkubu, Meru, kifungua mimba wa Mama Apolonia.

Alisoma shule ya misheni, akapata cheti cha ualimu mwaka 1973, kisha akafundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na mitano. Hata mwandiko wa mchungaji wetu hapa aliusahihisha, na mchungaji akashukuru.

Mwaka 1975 aliolewa na Bwana Samson Ikiara, aliyemtangulia mwaka 2014. Mungu aliwajalia watoto wawili: Mwenda, na Karimi, ambaye ni mimi ninayesoma.

Machi 2022 alikuja hapa Irving, ughaibuni, kunilelea watoto. Wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Yeye alilishika siku ya kwanza. Lakini hapa bila gari huendi popote, na wajukuu walimjibu kwa Kiingereza. Hakuna aliyemfungia mlango, ila aliishi kama aliyefungiwa.

Jumamosi, 10 Februari 2024, jicho lake la kulia lilizimika ghafla, bila maumivu. Hakusema. Alhamisi iliyofuata, kwenye maombi ya simu ya akina mama Wakenya, alituomba tumwombee "mama mmoja" ambaye jicho lake limeacha kuona. Tuliomba. Mimi, muuguzi, nikiwa kwenye gari nikingoja zamu ianze, nikasema, "Huyo mama aende emergency leo leo. Hiyo inaweza kuwa stroke ya jicho."

"Nitamwambia," alijibu.

Aprili jicho lilianza kumuuma hadi akalia. Daktari alieleza kwamba mshipa unaopeleka damu kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, uliziba, ikaota mishipa mingine dhaifu, na presha ya jicho ikapanda. Nilimuuliza mbona alinyamaza.

"Ungeacha kazi, Karimi. Na watoto ungewaachia nani?"

Tangu hapo mwanga ulimchoma, ngazi alizihofia, mapazia yakabaki yamefungwa. Aliomba arudi Nkubu. Nilimwambia tungoje shinikizo lake la damu, lililokuwa juu, litulie. Halikutulia. Alifariki kwa kiharusi Jumapili, 3 Novemba 2024.

Mnaosema mficha maradhi kifo humuumbua, mniwie radhi. Muuguzi alikuwa nyumba ile ile, na hakumtazama machoni.

Ameacha watoto wawili, Mwenda wa Houston na Karimi, wajukuu watatu, na dada yake Celestine aliyeko Nkubu.

Mungu ampumzishe mahali pasipo maumivu. Na mama yeyote aliyeketi hapa, kama kuna jicho lisiloona vizuri, asingoje zamu ya bintiye iishe. Anishike mkono tukitoka.