Mwalimu Veridiana na Jeni Zilizobaki Nje ya Kiini

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Biolojia, Mwalimu Veridiana anastaafu tarehe 30 Juni. Alitoka Ulyankulu akiwa msichana mwembamba, akapangiwa shule yetu hapa Ntalikwa, na hakuomba uhamisho hata mara moja.

Waliopita mikononi mwake wanalikumbuka somo la seli. Mwanafunzi hakuruhusiwa kuishia kusema kwamba mitokondria huipa seli nishati. "Na ilitoka wapi?" angeuliza. Kisha angesimulia: zamani za kale ilikuwa bakteria ya kujitegemea, ikaingia ndani ya seli nyingine, isitoke tena. Vizazi kwa vizazi, jeni zake nyingi zilipotea au zikahamia kwenye kiini cha seli. Chache tu zilibaki mlemle, nazo mtoto huzirithi kwa mama peke yake. Alimwigiza mgeni anayehamisha mizigo, darasa likacheka.

Kisha Aleksi, kifungua mimba wake, akaanza kupofuka akiwa Kidato cha Sita. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Silasi, mdogo wake. Katika hospitali ya rufaa, daktari alisema hitilafu imo katika jeni za mitokondria, na macho hayatarudi. Mwalimu alimwelewa kabla hajamaliza.

Ukoo wa mumewe ulimwita kikaoni Usoke. Aliwaeleza yote bila kuficha.

"Basi mama Aleksi amekiri mwenyewe," alisema Mzee Jonasi, baba mdogo wa mumewe. "Maradhi kayaleta yeye."

"Nimeyaleta, Baba," alijibu. "Nilizaliwa nayo. Sikumroga mtu."

Mwalimu alirudi Ntalikwa na wanawe, mumewe, Mathias, akabaki Usoke hadi leo.

Jumatatu aliingia darasani. Ratiba ilisema seli, akafundisha seli. Hakumwigiza mgeni. Zamda, ambaye sasa ni mwalimu mwenzetu, aliuliza kwa nini zile jeni chache nazo hazikuhama.

"Wataalamu bado wanabishana," alisema. "Zingehama, pengine wanangu wangekuwa wanaona."

Akageukia ubao, akaendelea kuandika.

Aleksi na Silasi amewalea kwa mshahara wa chaki. Mmoja anapiga kinanda parokiani, mwingine bado hataki kutoka nje. Mdogo wao wa kike, Esperansi, anaona vizuri, lakini jeni ni zilezile. Yuko Urambo, na mwezi Agosti anatarajia kujifungua. Mwalimu anahamia huko pamoja na wanawe.

Tulipomuuliza kama haogopi, alifunga mkoba wake kwanza.

"Naogopa sana," alisema. "Ila mwanangu hataitwa kikaoni peke yake."

Mwalimu, sisi wa idara ya Sayansi tunakushukuru. Mungu akujalie siku za utulivu, na mjukuu atakayekuona.